Kuondoa weldi mbovu kwenye chuma cha miundo: kaboni na upepo, plasma, gesi au kijiti cha kugauji? Leteni uzoefu

#1 fundi_chuma, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nilitaka kuuanzisha mapema, ila nikasema ngoja kwanza nipate kipande mkononi nikione kwa macho yangu. Sasa ninacho, kiko mezani hapa karakana.

Miezi miwili iliyopita tuliitwa kurekebisha boriti inayobeba kreni ya juu kwenye kiwanda kimoja. Flanji ya chini (bamba la mlalo la boriti) ina unene wa milimita 25, chuma ni S355 (aina ya chuma cha miundo), na ufa ulikuwa kwenye kiungio cha flanji kwa flanji, urefu wa kiganja hivi. Kazi tunayoijua: ondoa weldi mbovu, fuata ufa mpaka uishe, chomelea upya. Tukaingia na kaboni na upepo, yaani kugauji (kuchimba mfereji kwenye chuma) kwa moto wa umeme wa kijiti cha kaboni huku upepo wa kompresa ukirusha nje chuma kilichoyeyuka, kwa sababu ndiyo tuliyoizoea. Tukachimba, tukapitisha brashi ya waya, tukachomelea. Ikapimwa jioni ileile, ikapita, tukalipwa.

Wiki tatu baadaye mkaguzi wa mwenye kiwanda akapaka wino wa sumaku (wenye unga wa chuma unaojikusanya penye ufa), ufa mwingine ukajitokeza. Haukuwa ndani ya weldi yetu. Ulikuwa pembeni, umeambaa na ukingo wa weldi kama mshono wa shati, sentimita 11.

Tulipofungua upya tukachonga kipande kidogo chenye ule ufa, kile cha umbo la mtumbwi. Nikakibana kwenye vaisi, nikakilainisha, nikachukua tupa. Kwenye chuma cha flanji tupa inauma, unga unadondoka. Ikifika kwenye ukingo wa mfereji tuliochimba, inateleza. Hata sauti inabadilika, kama unasugua chupa. Ni mstari mwembamba ambao haufiki milimita moja, na ufa umepita humohumo.

Ile ni kaboni. Kijiti chenyewe ni kaboni karibu kitupu, na chuma cha majengo kina kaboni takriban asilimia 0.2 tu. Upepo ukiwa na nguvu, chuma kilichoyeyuka kinarushwa nje pamoja na kaboni iliyoingia humo. Upepo ukilegea, baadhi kinabaki kimeganda kwenye ukuta wa mfereji, kimeshashiba kaboni, na bamba nene la baridi nyuma yake linakipoza kwa ghafla. Unapata martensaiti: ngumu, na inavunjika bila kupinda. Ukichomelea juu yake, katikati inayeyuka na kuchanganyika na weldi mpya, kwa hiyo hapo unaweza kusalimika. Lakini kwenye ukingo, pale weldi mpya isipofika kuyeyusha, ule utando unabaki vilevile. Ndiyo maana ufa ulitokea pembeni.

Nilimuuliza kijana aliyekuwa kwenye kompresa siku ile. Akaniambia geji ilikuwa inasoma 50 na kitu, badala ya psi 80 (kipimo cha presha ya upepo). Lawama si yake. Mimi ndiye nilishika tochi (kishikio cha kijiti kinachopuliza upepo), nikasikia mlio wa upepo unafifia, nikaendelea kwa sababu kiwanda kilikuwa kinasubiri kuwasha mashine.

Mafundi tunabishana sana njia ipi inachimba haraka. Kwa hili lililonikuta, mimi nauliza hivi: kila njia inaacha nini juu ya chuma, na ninyi mnakiondoaje kabla ya kuchomelea? Karibuni, hasa waliofanya kwa plasma na gesi.

#2 welda_mombasa

Fundi, pole sana, na ahsante kwa kusema wazi. Wengi wangelificha kipande hicho.

Sisi huku kwenye kurekebisha meli na majahazi ya chuma tumekulia kwenye gesi. Oksijeni na asetilini, nozeli ya kugauji iliyopinda shingo, basi. Watu hudhani ni nozeli ya kukatia tu umeilaza, sivyo. Ya kukatia tundu lake la oksijeni ni dogo na oksijeni hutoka kwa kasi, inatoboa. Ya kugauji tundu ni pana, oksijeni hutoka polepole na kwa wingi, inasukuma juujuu. Ukitumia ya kukatia utatoboa bamba la watu.

Namna yake: unaanza kwa kuinamisha tochi kama nyuzi 30, unapasha sehemu moja mpaka iwe nyekundu inayong'aa, kisha unailaza karibu iguse bamba na hapo unafungua oksijeni. Chuma chenyewe kinaungua na kukimbia mbele ya moto. Hakuna kelele kubwa, na huhitaji umeme wala kompresa. Ukiwa chelezoni na jenereta imekufa, hii ndiyo itakayokutoa.

Jambo ninalolipenda zaidi ni kuwa ufa unauona. Unapokwenda polepole, ufa huonekana kama mstari ndani ya ule uwekundu, nawe unaufuata kwa jicho. Kwenye kaboni na makelele yake na cheche hupati nafasi hiyo.

Aibu yake ni joto. Bamba lote linapata moto, na bamba jembamba litapinda mpaka ulie. Tena usiende nayo kwenye stenlesi, alumini wala chuma cha kusubu. Hapo oksijeni haikati kitu.

#3 mkaguzi_wa_weldi

Naongezea kwa aliyesema gesi, kwa sababu hapa watu huumia bila kujua.

AWS D1.1, yaani kanuni za Marekani za kuchomelea chuma cha miundo, inaruhusu kugauji kwa oksijeni kwenye vyuma vilivyotumika kama vilivyotoka kwenye roli za kiwanda cha chuma tu, bila kutibiwa kwa joto. Chuma kilichozimwa kwenye maji kisha kikapashwa tena ili kipate nguvu, usikiguse kwa gesi. Nguvu ile ilipatikana kwa joto lililopimwa, na moto mpana wa asetilini unaifuta. Kabla ya kuwasha tochi yoyote, tafuta cheti cha chuma. Kama hakuna cheti, usikisie kwa rangi ya kutu.

Pili, kwa fundi_chuma: ufa ulipoisha kwa macho, ulichimba mpaka wapi? D1.1 inataka uondoe ufa wote na chuma kizima cha milimita 50 kupita kila ncha, na ncha zenyewe uzihakikishe kwa sumaku, rangi ya kupenya au tindikali, si kwa macho. Ncha ya ufa ni nyembamba kuliko unywele. Joto la kugauji linaweza hata kuifunga juu ukadhani umemaliza.

Na ule upimaji wa jioni ileile haukuwa upimaji. Ufa wa haidrojeni na ufa wa chuma kigumu huja umechelewa. Kwa bamba nene mimi husubiri saa 48.

#4 fundi_chuma

Mkaguzi, umenishika pabaya na nakubali. Tulizidisha kama sentimita 2 kila upande na tukatumia macho. Hilo limeandikwa sasa ukutani karakana.

#5 dada_plasma

Wakuu, mimi niko yadi moja Qatar, mwaka wa saba huu, nimetokea Tanga. Huku nimefanya zote mbili, kaboni na plasma, na kama mfuko unaruhusu mimi ni wa plasma (moto wa gesi iliyopashwa sana kwa umeme).

Sababu kubwa ndiyo hiyohiyo ya fundi: hakuna kijiti cha kaboni, kwa hiyo hakuna kaboni ya kuingia. Mfereji unatoka mweupe wa fedha, laini, hata kama mkono wako si mzuri sana. Kelele na moshi ni nusu ya mateso ya kaboni. Na inakula stenlesi na alumini bila shida.

Ila msidhani ukinunua mashine ya kukatia bati umeshapata ya kugauji. Unabadilisha nozeli, unaweka ya kugauji yenye tundu pana, ili moto uwe mnene na mlaini badala ya sindano. Tochi unailaza kama nyuzi 40, moto unauvuta mrefu, na unasukuma kwenda mbele huku chuma kikimbie mbele yako. Ukisimamisha tochi umechimba kisima.

Kuna mawili lazima niyaseme kwa uaminifu. La kwanza, plasma ya hewa ya kawaida nayo inaacha kitu. Hewa ni naitrojeni kwa sehemu kubwa, na naitrojeni inaingia kwenye ngozi ya mfereji. Ukichomelea bila kupitisha grainda, weldi inatoka na vitundu. Mara ya kwanza kunikuta nilidhani ni gesi yangu ya MIG, ile ya kukinga weldi, imeisha. Nikabadilisha mtungi, vitundu vikabaki. Msimamizi wangu, Mfilipino mtu mzima, akachukua grainda, akapitisha mara moja tu kwenye mfereji, akaniambia chomelea sasa. Ikatoka safi. Kwa kazi nzito tunatumia mchanganyiko wa agoni na haidrojeni, unachimba safi zaidi, lakini bei yake ni ya kazi za mafuta na gesi.

La pili, upepo wa plasma lazima uwe mkavu. Maji kwenye bomba yanamaliza nozeli na elektrodi kwa siku moja. Huko pwani kwetu na unyevu ule, bila kikaushio cha upepo utafilisika kwa vipuri.

Na volti zake ni kubwa kuliko za mashine ya kuchomelea. Zima kabisa kabla ya kufungua kichwa cha tochi. Usiniambie wewe ni mzoefu.

#6 mwanafunzi_wa_karakana

Shikamooni wakubwa. Mimi niko mwaka wa pili chuo cha ufundi VETA, nina inveta (mashine ya kuchomelea) ya ampea 200 na kompresa ya kupulizia rangi ya nguvu farasi tatu. Je, naweza kuanza na kaboni? Tochi nimeiona mjini si ghali sana.

#7 fundi_chuma

Marahaba kijana. Swali lako ni zuri kwa sababu ndipo wengi tunapoteza pesa.

Tochi kweli si ghali. Kinachogharimu ni vitu viwili nyuma yake. Kijiti cha milimita 8, ambacho ndicho cha kazi nyingi za miundo, kinataka ampea 250 hadi 450. Cha 6.5 ni 200 hadi 400. Cha 9.5 ni 350 hadi 600. Wewe na ampea 200 zako utaweza kile cha milimita 4, ampea 90 mpaka 150, kwa vifereji vidogo. Na usisome namba ya mbele ya mashine tu, soma ubavuni: hizo ampea 200 inazitoa kwa dakika ngapi katika kila kumi? Kuchomelea unapumzika kila ukibadilisha kijiti. Kugauji hupumziki, mashine inapigwa mfululizo. Nimeona inveta tatu zikifa kwa staili hii, moja yangu.

Kompresa ndiyo itakayokuangusha kabisa. Tochi ya kawaida inataka psi 80 hadi 100, na zaidi ya lita 700 za upepo kila dakika. Hiyo yako ya rangi haifiki hata nusu. Itaanza vizuri kwa sababu tangi limejaa, baada ya sekunde chache upepo unalegea, na hapo ndipo unapoanza kupaka kaboni kwenye chuma cha watu kama nilivyofanya mimi. Kwa hiyo jibu ni hapana, si kwa vifaa hivyo, isipokuwa kwenye chuma chakavu cha mazoezi.

Ukija kupata vifaa, mambo ya mkono ni haya. Kwa chuma, kijiti kiwe upande wa chanya. Matundu ya upepo kwenye tochi yawe chini ya kijiti, upepo upite kati ya kijiti na bamba, nyuma ya moto. Ukigeuza tochi upepo ukawa juu, unapuliza hewani bure na chuma kinabaki palepale. Kijiti kisizidi sentimita 17 hivi kutoka kwenye taya, kikiungua unakisogeza. Fungua upepo kwanza, ndipo uguse. Ukishawasha, usiburuze kijiti kwenye chuma. Kijiti kikigusa, kipande cha kaboni kinabaki, na hata ganda lake la shaba linaweza kubaki. Mwendo uwe wa haraka na wa sawasawa. Sauti yake ikiwa sahihi ni mvumo mmoja usiokatika. Ikianza kukohoa, acha. Mfereji wako utakuwa na upana wa kijiti na milimita 3 hivi juu yake, na kina unakipata kwa mwendo na pembe, si kwa kung'ang'ania pale pale.

Kwa uliyo nayo leo, tafuta vijiti vya kugauji vya kawaida. Nadhani kuna mtu hapa anavitumia.

#8 wa_saiti

Niko hapa. Kazi zangu ni za saiti, minara na matangi, sina namna ya kubeba kompresa juu ya ngazi.

Vijiti vya kugauji ni kama vijiti vya kuchomelea vya kawaida kwa macho, ila ganda ni nene na ndilo linalofanya kazi: likiungua linatoa gesi kwa nguvu, gesi inasukuma chuma nje. Mashine ileile, koleo lilelile. Unaweka kijiti kwenye hasi au unatumia AC (umeme wa kugeukageuka), soma pakiti. Unawasha kijiti kikiwa kimesimama, kisha unakilaza mpaka nyuzi 5 hadi 10 na kusukuma mbele kwa kasi, mbele na nyuma kidogo kama unasukuma msumeno. Ukikiacha kisimame kinazama.

Hakichimbi kingi kwa mpigo mmoja, moshi ni mwingi, na kinaacha slagi (takataka zilizoganda) ambayo lazima uitoe yote. Lakini kwa kuondoa sentimita 10 za weldi mbovu ukiwa mita 30 juu, sijaona kinachokishinda. Siwezi kukitumia kuchimba mgongo wa kiungio cha mita sita. Kijiti kimoja kinaisha kabla hujapata upepo wa kifua.

#9 mtu_wa_grainda

Mimi nitatofautiana nanyi. Kwa nini moto kabisa? Grainda na diski nzuri haiweki kaboni, haiweki naitrojeni, haipindishi bamba. Nimefanya ukarabati wa mabehewa miaka kumi kwa grainda tu.

#10 fundi_chuma

Kaka, kwa kina cha milimita 3 au 4 niko nawe, na kwa bamba jembamba ningechagua hivyohivyo. Lakini flanji ya milimita 25, ufa umeenda zaidi ya nusu ya unene, urefu wa sentimita 20 na kitu ukijumlisha milimita 50 kila upande? Utakaa siku nzima, utamaliza boksi la diski, na mkono ukichoka diski inakwama kwenye mfereji mwembamba na kupasuka. Rafiki yangu ana kovu kutoka kwenye nyusi mpaka shavuni kwa diski ya namna hiyo.

Kisha grainda ina tabia nyingine: inapaka. Chuma laini kinasukumwa juu ya ufa na kuufunika. Unaona panang'aa, unadhani pamepona. Kwa hiyo hata wewe unahitaji sumaku au rangi ya kupenya kabla ya kuchomelea.

Mimi nilikofika ni kuwa moto unachimba, grainda inamaliza.

#11 mkaguzi_wa_weldi

Nimalizie hapo kwa mfano mmoja ambao nadhani kila anayechomelea nguzo na boriti za majengo aujue.

Tarehe 17 Januari 1994 tetemeko la Northridge lilipiga eneo la Los Angeles, ukubwa 6.7. Majengo ya fremu za chuma yalionekana yamesimama salama. Yalipofunguliwa, mengi yalikutwa na nyufa kwenye viungio vya boriti na nguzo, hasa kwenye weldi ya flanji ya chini ya boriti. Sababu zilikuwa kadhaa: umbo la kiungio lenyewe, chuma cha weldi kisichostahimili mshtuko, na lile bapa la mgongoni ambalo mchomeleaji huliweka chini ya kiungio ili weldi isidondoke. Bapa liliachwa palepale. Kati ya bapa na nguzo kunabaki mwanya, na mwanya ule unafanya kazi ya ufa uliokwisha kuanza. Juu ya hapo, mzizi wa weldi (sehemu yake ya chini kabisa) umejificha nyuma ya bapa na flanji ya chini huchomelewa vipande viwili, kimoja kila upande wa webu (bamba la wima la boriti), kwa hiyo kasoro hujikusanya katikati pasipoonekana vizuri.

Mapendekezo yaliyotolewa baada ya hapo kwa viungio vile yalikuwa: ondoa bapa la flanji ya chini, chimba mzizi mpaka chuma kizima, kagua, kisha ongeza weldi ya pembe chini yake. Kazi hiyo ya kuondoa bapa na kuchimba mzizi hufanywa mara nyingi kwa kaboni na upepo, fundi akiwa amelala chali, uso ukitazama juu. Na hapo ndipo hatari mpya ilipo: tochi ikiteleza ikachimba uso wa nguzo, umeondoa mwanya mmoja ukaweka mwingine. Kila kovu la tochi kwenye nguzo lisawazishwe kwa grainda mpaka liwe mteremko laini, na likiwa na kina lijazwe kwa utaratibu ulioidhinishwa.

Kwa hiyo nikija kukagua siulizi kwanza umetumia njia gani. Namwambia fundi anioneshe mfereji kabla hajachomelea. Akinionesha mfereji unaong'aa, chini umeviringa kama nusu ya bomba, kuta zimefunguka kiasi cha kijiti kuingia na kuyeyusha pande zote, basi hata kama ametumia gesi ya enzi za babu yake, nasaini. Akinionesha mfereji mweusi, mwembamba, wenye chini kali kama herufi V, sisaini hata kama mashine ya plasma ni ya jana.

#12 welda_mombasa

Hapo umenena. Na tusisahau kupasha joto kabla. Watu wakisoma karatasi ya utaratibu wa kuchomelea wanaona nyuzi kadhaa kabla ya weldi, wanadhani ni kwa ajili ya weldi peke yake. Kugauji nako ni moto wa ghafla juu ya bamba baridi. Ikiwa bamba linataka kupashwa kabla ya kuchomelewa, lipashwe vilevile kabla ya kugaujiwa.

#13 mzee_wa_yadi

Wanangu, mmeongea yote ya chuma. Mimi nimeshika kaboni miaka 22. Sikio la kushoto halisikii tena, la kulia linasikia nusu. Mjukuu wangu akiniita kutoka nyuma sigeuki.

Kelele ya kaboni inavuka desibeli 110. Vizibo vya ndani ya sikio peke yake havitoshi, weka na vifunika vya nje juu yake. Kioo cha uso namba 12 kwa kazi ndogo, namba 14 kwa zile ampea kubwa. Moshi wake una shaba kutoka kwenye ganda la kijiti, na ukiwa ndani ya tangi au boriti la boksi kuna gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu. Usiingie bila feni ya kuvuta hewa na mtu wa kukuangalia nje. Cheche hazidondoki miguuni kama za kuchomelea, zinarushwa na upepo. Ondoa chochote kinachoweza kuwaka ndani ya mita 11, na tazama upande wa pili wa ukuta. Mtu mmoja abaki na ndoo na mtungi wa kuzimia moto hata baada ya kazi kuisha, nusu saa au zaidi.

Mwambieni kijana wa VETA haya kabla ya kumwambia ampea.

#14 mwanafunzi_wa_karakana

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Ahsante.

#15 fundi_chuma

Mzee wetu, shikamoo, na tunakuombea heri.

Narudi na majibu ya ile boriti. Tuliirudia wiki iliyopita. Tulikodi kompresa ya dizeli, ile ya kuvutwa na gari, na kijana mmoja kazi yake ilikuwa moja tu: kusimama mbele ya geji na kunigusa bega ikishuka chini ya 80. Alinigusa mara mbili, mara zote nikasimama. Bamba tulilipasha kwanza. Kijiti cha 8, mipito ya kina kifupi badala ya mmoja mrefu. Ufa wa pembeni tuliufuata mpaka ukaisha, tukaongeza milimita 50 kila ncha kwa kupima na rula.

Kisha grainda, kuta zote mbili, chini, na sentimita moja na nusu juu ya uso wa bamba kila upande wa mfereji, kwa sababu kaboni ile ya kwanza ilikuwa imejificha ukingoni. Hii ilichukua saa nzima, ndefu kuliko kuchimba kwenyewe. Mwenye kiwanda alikuja mara tatu kuuliza mbona hatuchomelei. Mara ya tatu nikampa tupa, nikamwonesha pale inapouma na pale palipobaki alama ndogo inapoteleza. Akaisukuma mwenyewe, akasikia. Hakuuliza tena.

Sumaku ndani ya mfereji: safi. Tukachomelea kwa vijiti vya haidrojeni ndogo vilivyotoka kwenye oveni. Tukasubiri saa 48. Juzi mkaguzi, yuleyule aliyeukuta ufa, alipima kwa sumaku na kwa ultrasoniki (mawimbi ya sauti). Hakukuwa na kitu. Atarudi baada ya mwezi na tena baada ya miezi mitatu, nimeomba hivyo mwenyewe.

Dada wa Qatar, plasma tutaifikiria mwakani, kikaushio cha upepo kwanza.

Kijana wa VETA, kile kipande cha mtumbwi bado kimebanwa kwenye vaisi na tupa iko pembeni. Njoo Jumamosi asubuhi ukijaribu kwa mkono wako, nitakutumia namba ya karakana kwa ujumbe wa faragha. Njoo na vifunika masikio.